Mke wa Tanga na Mikato Miwili: Mwongozo wa Vishazi Rejeshi vya Kiingereza

"My wife who lives in Tanga is sick."

Mfanyakazi akimwandikia mkuu wake hivyo, ameomba ruhusa na kutangaza ndoa kwa mkupuo mmoja. Mkuu anayesoma Kiingereza kwa makini ataelewa kwamba anayeumwa ni mke wa Tanga, na kwamba yuko mwingine kwingineko ambaye ni mzima wa afya. Ikiwa mwandishi ana wake wawili, sentensi yake ni safi na ruhusa apewe. Ikiwa ana mmoja tu, ameshajiozesha wa pili bila mahari wala kadhi, kwa kosa la kuacha mikato miwili. Alitakiwa kuandika: "My wife, who lives in Tanga, is sick."

Kipande hicho, "who lives in Tanga", ndicho kishazi rejeshi. Ni sentensi ndogo inayofuatana na jina la mtu au kitu ili kutuambia ni yupi anayesemwa, au kutuongezea habari zake. Mitihani ya sekondari ya Tanzania na Kenya hukiuliza kwa amri: unganisha sentensi hizi kwa "who", andika upya ukitumia "whose". Wanafunzi hukariri jedwali: "who" kwa watu, "which" kwa vitu, "whose" kwa umiliki. Wanapata alama zao, wanapata kazi, halafu wanaandika "the man whom I saw him". Jedwali liko sawa, ila halikumwambia mwanafunzi lugha yake mwenyewe inafanya nini.

Mwongozo huu unashikilia jambo moja. Mzungumzaji wa Kiswahili ana mitambo ya urejeshi mingi kuliko Mwingereza, na makosa yake mengi hutokea pale anapoibeba yote na kuingia nayo katika lugha isiyoihitaji, au anaposahau kwamba kazi fulani iliyofanywa kimyakimya ndani ya kitenzi cha Kiswahili lazima Kiingereza kiipe neno lake. Fuata hatua, na kila moja ijaribu kwa sauti.

Hatua ya kwanza: Acha kutetemeka, kazi hii unaijua tangu utotoni

Mtoto wa miaka minne ambaye hajaweza kufunga kamba za viatu anakuambia, "Nataka ile niliyopewa na bibi." Ametumia kishazi rejeshi, amekipatanisha na ngeli, amekiweka katika wakati uliopita na katika hali ya kutendwa. Hakuna aliyempa jedwali.

Hesabu anavyovimudu: -ye, -o, -yo, -lo, -cho, -vyo, -zo, -po, -ko, -mo. Tena anaweza kuvipanga kwa njia zaidi ya moja: "kitabu ambacho nilisoma", "kitabu nilichosoma", "kitabu nisomacho". Akikataa, anasema "nisichosoma". Kiingereza kinamdai nini? "Who", "whom", "whose", "which", "that", na pembeni "where" na "when". Havina ngeli wala haviingii tumboni mwa kitenzi. Mtu anayebadilisha "-cho" kuwa "-vyo" huku anatafuna muhogo hana sababu ya kutolewa jasho na "which".

Kwa hiyo sahau ile hadithi kwamba Kiingereza ni kigumu kwa sababu kina akili nyingi. Ugumu uliopo ni wa mahali pachache, na mahali penyewe panajulikana.

Hatua ya pili: Mtafute mwenyewe

Kila kishazi rejeshi kina mwenyewe, yaani lile jina kinalolirejelea. Kabla hujachagua neno, uliza: nani au nini kinasemwa hapa? Katika "The nurse who treated my grandmother has been transferred", mwenyewe ni "nurse". Ni mtu, basi "who". Katika "The bridge which collapsed was new", mwenyewe ni daraja, basi "which". "That" hukaa na watu na vitu pia, mradi kishazi kinachagua ni yupi au kipi. Tutarudi kwenye masharti yake.

Mtego wa kwanza uko kwa wanyama. Kiswahili kimewaingiza wanyama katika ngeli ya watu: ng'ombe aliyepotea, mbuzi aliyekula mahindi, samaki aliyeoza. Mswahili anapohamia Kiingereza anahama na heshima hiyo na kuandika "the fish who has gone bad". Mwingereza akisoma, anamwona samaki kama marehemu mwenye jina na ukoo. Mnyama wa kawaida mwandikie "which" au "that". "Who" mwachie mnyama anayezungumzwa kama mwanafamilia, yule mbwa mwenye jina anayelala sebuleni. Samaki aliyeko kwenye sahani hajafika ngazi hiyo.

Hatua ya tatu: Mtu mmoja, kutajwa mara moja

Hapa ndipo Kiswahili kinapotuponza kwa utajiri wake. Chukua neno "niliyemwona" na ulifungue. "Ni" ni mimi. "Li" ni wakati uliopita. "Ye" ni kirejeshi kinachomrejelea mtu. "Mw" ni yule yule mtu, safari hii kama mtendwa. Kisha "ona". Ukisema "mtu niliyemwona benki", mtu huyo umemtaja mara tatu: kwa jina "mtu", kwa "ye" na kwa "mw". Kiswahili kinataka hivyo, na ni sahihi.

Kiingereza kinatosheka na mara mbili: jina lake, na kirejeshi, yaani mara moja tu ndani ya kishazi. "The man whom I saw at the bank." Ukiongeza "him" baada ya "saw", umeingiza ile "mw" ya Kiswahili kwa mlango wa nyuma. "Whom" na "him" ni mtu mmoja, naye hawezi kukaa viti viwili.

Kosa hilo hutokea pia upande wa mtenda. "Msichana ambaye alishinda" ina "a" ya "alishinda", kiambishi cha mtenda ambacho Kiswahili hakikiachi. Mwanafunzi anatafsiri kila kiungo na kuandika "the girl who she won". Toa "she". "The girl who won." Kazi imekwisha.

Njia ya kujipima ni hii. Andika sentensi mbili fupi:

"This is the phone. I bought it in Kariakoo."

Neno linalorudia simu ni "it". Ling'oe mahali pake, weka "which" badala yake, uipeleke mbele:

"This is the phone which I bought in Kariakoo."

Baada ya "bought" pamebaki pengo. Pengo hilo liache wazi. Mswahili hujisikia vibaya kuliacha, anaona sentensi imeng'oka jino, na mkono unamwasha kurudisha "it". Jizuie. Kwa Kiingereza, pengo hilo ndilo alama kwamba kishazi kimeundwa sawasawa.

Hatua ya nne: Kihusishi kilichomezwa, kitapishwe

Hatua iliyopita ilikuwa ya kupunguza. Hii ni ya kuongeza, na wengi huisahau kwa sababu Kiswahili kimeficha kihusishi mahali ambapo jicho halikioni.

"Nyumba ninamoishi": ile "mo" imebeba maana ya ndani. "Kijiji ninakotoka": "ko" pamoja na kitenzi "toka" vimebeba mahali na mwelekeo. "Kisu ninachokatia nyama": ile "i" ndogo ndani ya "katia", kauli ya kutendea, imebeba maana ya chombo. "Wageni niliowapikia": "i" ile ile katika "pikia" imebeba maana ya kwa ajili yao. Herufi moja ya Kiswahili inafanya kazi ya neno zima la Kiingereza, tena haipigi kelele.

Ndiyo sababu watu wazima wenye shahada huandika "the house which I live", "the village which I come", "the knife which I cut meat", "the guests whom I cooked". Sentensi ya mwisho ni hatari zaidi, maana msomaji wa Kiingereza ataelewa kwamba wageni waliingia chunguni.

Rudisha kilichomezwa: "the house which I live in", "the village which I come from", "the knife which I cut meat with", "the guests whom I cooked for". Ukiona kitenzi chako cha Kiswahili kina kauli ya kutendea, au kirejeshi chako ni "po", "ko" au "mo", simama ujiulize: kihusishi cha Kiingereza kiko wapi? Swali hilo pekee litakuokoa kwenye barua nyingi.

Je, kihusishi kikae mwisho au mbele? Vyote viwili ni Kiingereza. "The house in which I live" huvaa suti, "the house which I live in" huvaa kawaida. Na "the house where I live" haihitaji kihusishi, kwa kuwa "where" imeshabeba "in".

Atakayekukataza kumalizia na kihusishi, mweleze asili ya katazo lake. Mwaka 1672 mshairi John Dryden aliandika makala ya kuwakosoa watunzi wa kizazi kilichomtangulia, akamshika Ben Jonson, ambaye wakati huo alikuwa ameshafariki, kwa kumalizia na kihusishi. Kipande alichokilalamikia kilikuwa kishazi rejeshi chenye "from" mkiani. Baadaye Dryden alipitia maandishi yake mwenyewe na kuhamisha vihusishi vya namna hiyo katika toleo la 1684. Mwaka 1762 Robert Lowth, aliyekuja kuwa askofu wa London, alieleza katika kitabu chake cha sarufi kwamba kihusishi cha mwisho kinafaa katika mazungumzo na kile cha mbele kina adabu zaidi katika maandishi mazito. Waliomfuata waligeuza ushauri wake kuwa amri. Waingereza wenyewe waliendelea kumalizia na vihusishi, na wanaendelea hadi leo.

Hatua ya tano: "Whose" si ya watu tu, na haikai na "her"

Kiswahili husema "mwanamke ambaye mtoto wake anaumwa". Kuna "ambaye", na kuna "wake". Mwanafunzi anatafsiri vyote viwili: "the woman who her child is sick". Kiingereza kimeviyeyusha viwili hivyo vikawa neno moja: "the woman whose child is sick". Kwa hiyo kila unapoona katika Kiswahili chako "amba-" na mara tu baada yake jina lenye "-ake" au "-ao", jua ni "whose".

Vitu navyo vina haki ya "whose". "Gari ambalo tairi lake limepasuka" ni "the car whose tyre has burst". Kuna walimu wanaoikataa kwa vitu na kumlazimisha mtoto aandike "the car the tyre of which has burst". Sentensi hiyo ni halali, lakini ukiisoma kwa sauti utahitaji kupumua katikati. Waandishi wazuri wa Kiingereza wametumia "whose" kwa vitu kwa karne nyingi. Itumie bila woga.

Hatua ya sita: Jua pa kuruka

Kiswahili sanifu hakikuruhusu kusema "simu nilinunua Kariakoo" ukimaanisha "niliyonunua". Kiingereza kinaruhusu: "the phone I bought in Kariakoo". Kirejeshi kimerukwa na hakuna aliyeumia.

Lakini kuna sharti, na ni jepesi. Tazama kinachofuata baada ya kirejeshi. Kikifuata mtenda mwingine, kama "I", "she" au "the teacher", unaweza kukiruka. Kikifuata kitenzi moja kwa moja, usikiguse. "The man who came yesterday is my uncle" haiwezi kuwa "the man came yesterday is my uncle". Msomaji ataanza na mtu aliyekuja jana, atafika kwenye "is" na kukuta sentensi imegongana na ukuta.

Kuhusu "whom", liweke pale ambapo maandishi ni rasmi, au pale ambapo kihusishi kimetangulia: "the officer to whom I gave the form". Katika mazungumzo, "the officer I gave the form to" inatosha, na hakuna atakayekuona hukusoma.

Hatua ya saba: Mikato, na mke wa Tanga

Sasa turudi kwa mgonjwa wetu. Kiingereza kina vishazi rejeshi vya aina mbili, na kinachovitofautisha katika maandishi ni mkato. Kishazi kisicho na mikato huchagua: kati ya wengi, ni huyu. Kishazi chenye mikato huongeza habari: tayari tunamjua, na haya ndiyo mengine yanayomhusu.

Kiswahili hakina desturi madhubuti ya kutenganisha maana hizo kwa mkato. "Mke wangu anayeishi Tanga" yaweza kuwa vyovyote, na msikilizaji huamua kwa kumjua msemaji. Hapo ndipo tunapojikwaa, maana hatujazoea kuitafuta tofauti hiyo. Ila tunayo njia ya kuipima kwa Kiswahili chetu.

Jaribu kuingiza "yule". Ukisema "mke wangu yule anayeishi Tanga" na maana unayoitaka ikabaki, kishazi kinachagua: usiweke mkato. Jaribu kuvunja sentensi iwe mbili. Ukisema "Mke wangu anaumwa, yeye yuko Tanga" na maana unayoitaka ikabaki, kishazi kinaongeza tu: weka mikato. Mwanamume mwenye wake wawili atatumia njia ya "yule", na sarufi haimhukumu. Mwenye mmoja atumie njia ya sentensi mbili, na nyumba itatulia.

Majina ya pekee karibu siku zote hudai mikato, kwa kuwa hayana wengi wa kuchagua. "Kilimanjaro, which is 5,895 metres high, has three peaks." Ukiondoa mikato, umetangaza kwamba kuna Kilimanjaro nyingine fupi zaidi. "Julius Nyerere, who translated Shakespeare into Swahili, was a teacher." Ukiondoa mikato, umeongeza akina Nyerere ambao hawakutafsiri.

Kumbuka masharti matatu. Kwanza, mikato ni jozi: wa kufungua na wa kufunga, isipokuwa kishazi kikiishia kwenye nukta. Kuweka mmoja na kusahau wa pili ni kufunga geti na kuacha ukuta wazi. Pili, "that" haikai ndani ya mikato hiyo. "My wife, that lives in Tanga" haifai. Tatu, ndani ya mikato kirejeshi hakirukwi.

Kwa nini nalisisitiza hili kuliko mengine yote? Kwa sababu hapa sarufi inagusa mfuko. Soma mkataba huu wa kibarua:

"The labourers who worked on Sunday will be paid double."

Waliofanya kazi Jumapili, hao tu, watalipwa mara mbili. Sasa weka mikato:

"The labourers, who worked on Sunday, will be paid double."

Vibarua wote walifanya kazi Jumapili, na wote watalipwa mara mbili. Maneno ni yale yale, idadi ya bahasha imebadilika. Mikataba mingi ya kazi, ya upangaji na ya mikopo katika nchi zetu huandikwa kwa Kiingereza na kusainiwa na watu wanaoishi kwa Kiswahili. Mtu huyo ana haki ya kujua mkato unamfanyia nini kabla hajaweka saini.

Hatua ya nane: Kishazi kikae karibu na mwenyewe

Kiswahili kina ulinzi ambao Kiingereza hakina. "Ufunguo wa gari uliopotea": kilichopotea ni ufunguo. "Ufunguo wa gari lililopotea": kilichopotea ni gari, na uende polisi. Ngeli imekwisha kusema. Kiingereza kinakuachia "the key of the car which was lost", na msomaji hajui atafute mfukoni au barabarani. Panga upya: "the car key which was lost", au "the key of the lost car". Usitegemee Kiingereza kikulinde kama ngeli zinavyokulinda.

Jambo hili limewahi kufika Mahakama ya Juu ya Marekani, katika kesi ya Barnhart v. Thomas iliyoamuliwa Novemba 2003. Pauline Thomas alikuwa mwendesha lifti. Nafasi yake ilifutwa mwaka 1995, na mwaka uliofuata, akiwa na umri wa miaka 53 na maradhi ya moyo, aliomba mafao ya ulemavu. Alijibiwa kwamba bado ana uwezo wa kuendesha lifti. Yeye akajibu kwamba kazi hiyo haipo tena kwa kiasi cha maana nchini.

Sheria yenyewe ilisema kwamba mwombaji lazima awe hawezi kufanya kazi yake ya awali, na pia hawezi kufanya kazi nyingine yoyote "which exists in the national economy", yaani iliyopo katika uchumi wa taifa. Swali likawa: kishazi hicho kina mwenyewe mmoja au wawili? Kinarejelea "kazi nyingine" peke yake, au pia "kazi ya awali"? Mahakama ya rufaa ilikuwa imempa Thomas ushindi. Majaji wa juu, kwa kauli moja, wakaubatilisha. Jaji Antonin Scalia, aliyeandika hukumu, alisema kishazi kama hicho kwa kawaida hurejelea kile kilicho karibu nacho zaidi. Akatoa mfano wa wazazi wanaomwonya kijana wao kwamba ataadhibiwa akifanya pati, au jambo lingine lolote litakaloharibu nyumba. Kijana akifanya pati na kikombe kisivunjike, adhabu iko pale pale.

Mtu alikosa mafao kwa sababu ya mahali kishazi rejeshi kiliposimama. Hata ngeli zetu zisingemwokoa, maana "kazi" ya kwanza na "kazi" ya pili ziko ngeli moja. Basi unapoandika kanuni za kikundi cha kuweka na kukopa, masharti ya zabuni au wosia, weka kishazi karibu na mwenyewe. Kikiwa na wenyewe wawili, kirudie kwa kila mmoja. Urefu wa mstari mmoja ni nafuu kuliko wakili.

Hatua ya tisa: Usitishwe na askari wa "which"

Utakutana na mtu atakayekufokea kwa kuandika "the book which I read" bila mkato, akidai lazima iwe "that". Ana hoja nusu. Mwaka 1926 H. W. Fowler alipendekeza katika kamusi yake ya matumizi ya Kiingereza kwamba "that" iachiwe vishazi vinavyochagua na "which" ibaki kwa vinavyoongeza. Alikiri mwenyewe kwamba waandishi wengi hawakuwa wakifanya hivyo. Wahariri wengi wa Marekani waliupokea ushauri huo kama kanuni. Uingereza wanaandika vyovyote.

Ugomvi wenyewe ni wa zamani. Mwaka 1711 gazeti la The Spectator la London lilichapisha malalamiko ya mzaha ambamo "who" na "which" wanamshtaki "that" kwa kuwapora nafasi zao, ingawa katika kazi hii "that" ndiye mkongwe. Biblia ya King James ya 1611 ilitumia "which" kumrejelea Mungu katika Sala ya Bwana, kwa kuwa wakati huo "which" ilikaa na watu pia. Waanglikana wa Marekani waliibadili kuwa "who" katika kitabu chao cha sala cha 1789. Lugha iliyobadilisha kirejeshi cha Mungu haiwezi kukunyonga kwa cha kitabu.

Shika hili: ukimwandikia Mmarekani, fuata mgawanyo wa Fowler na utakuwa salama kwa wote. Ukimwandikia mwingine, tumia upendalo katika vishazi vinavyochagua, ila mikato usiiache.

Kabla hujatuma

Soma kila kishazi rejeshi ulichoandika na ukiulize maswali manne. Mwenyewe ni nani, na yuko karibu? Nimemtaja tena kwa "him", "it" au "she"? Kihusishi kilichomezwa na Kiswahili nimekirudisha? Kishazi kinachagua au kinaongeza, na mikato inasema hivyo hivyo?

Kwenu walimu nina ombi. Mtoto anayetoka darasa la saba akiwa amesomeshwa kwa Kiswahili na kuingia kidato cha kwanza kwa Kiingereza msimpe jedwali peke yake. Andikeni ubaoni "niliyemwona" na "kisu ninachokatia", mzifungue mbele yake herufi kwa herufi, kisha mwekeeni Kiingereza pembeni. Ataona ni nini cha kutoa, nini cha kuongeza, na ni wapi pa kuweka mkato. Sarufi ya Kiswahili aliyo nayo kichwani ndiyo kitabu bora cha kumfundishia kishazi rejeshi cha Kiingereza, na hakihitaji kununuliwa.